Furushi Lenye Jina la Neindow

Mma Azara, yule anayekaanga koose mbele ya karakana ya programu pale mtaani Kalpohin, anasema aliona kwa macho yake mawili. Anasema mchana ule umeme ulikatika, vijana wakatoka nje kutafuta hewa, akabaki Neindow peke yake ndani. Neindow akainama juu ya kompyuta kama mtu achunguliaye kisima, akachomoa humo kazi ya Wumpini, binti wa shangazi yake, kazi ya majuma matatu, akaitia kwenye kile kidude chembamba kama kidole. Kidude akakitia mfukoni mwa fugu yake, shati pana la kufumwa, akatoka anacheka. Alipopita kikaangoni alinunua koose, akala amesimama, akaomba nyingine.

"Mwizi njaa haimwachi," Mma Azara huwaambia wateja, huku akigeuza bajia zake za kunde kwa kijiti. "Kazi ya mtu ni nzito, jamani. Kuibeba kunachosha."

Sasa, meko ya Mma Azara yanaelekea barabarani, na kinachoelekea karakana ni mgongo wake. Ukimkumbusha hilo atakwambia mtu aliyeuza barabarani miaka mingi huota macho kisogoni. Basi watu walinunua koose, wakapewa na habari ya Neindow juu yake, bure, kama pilipili. Habari ikafika sokoni. Kutoka sokoni ikapanda magari pamoja na magunia ya karanga, ikashuka Savelugu, ikaingia nyumbani kwa baba yake Neindow kabla Neindow mwenyewe hajafika kuoga. Tangu hapo hajaonekana karakanani.

Wumpini alijua mambo hayakuwa vile asemavyo Mma Azara. Shida yake ni kwamba hakujua yalikuwaje.

Alikumbuka asubuhi ya siku ile vizuri. Alikuwa akitengeneza programu ya wafugaji wa kanga, ndege wale wa madoa, ambao kila nyumba ya Dagbon inao na kila nyumba huwalilia vifaranga wao mvua za kwanza zinaposhuka. Mfugaji asiyejua kusoma atagusa picha kwenye simu, sauti imwambie kwa Kidagbani lini achanje, lini asiwaachie vifaranga watoke kwenye umande. Sauti ilikuwa ya Wumpini mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kuoanisha kila sauti na picha yake, na alikuwa amebakiza kidogo tu.

Karakana ilikuwa na chombo cha kutunza matoleo. Chombo hicho kazi yake ni rahisi kuieleza, ni ngumu kuitumia. Ukimaliza kipande cha kazi unakipiga muhuri, na juu ya muhuri unaandika maneno mafupi ya kusema umefanya nini. Ukiharibu kesho, unarudi kwenye muhuri wa jana. Lakini Wumpini hakupenda kupiga muhuri kitu kisichokwisha, kama mama yake asivyopenda kupakua ugali wake wa tuo zaafi ambao haujashikana. Kwa hiyo majuma yote matatu kazi yake ilikuwa mezani tu, wazi, haina muhuri.

Na meza yenyewe, ndani ya kompyuta ya pembeni alikofanyia kazi, ilikuwa ya wote. Umeme ukikatika, kompyuta zote hulala isipokuwa ile ya pembeni yenye betri kubwa, na hapo ndipo watu hupokezana kiti kama wanawake wanaopokezana kinu. Kompyuta ile haikujua nani amekaa. Kwake yeye wote walikuwa mtu mmoja. Ndiyo maana mkuu wao, Mba Tiyumba, aliweka sheria: kila muhuri uanze na jina la aliyeupiga. "Wumpini, picha za vifaranga." "Neindow, tarehe za chanjo." Sheria ilikuwa nzuri. Hakuna aliyeilalamikia.

Neindow alikuwa mtoto wa mjomba wake Wumpini, na kwa hiyo mtani wake. Watani wa namna hiyo huibiana viatu msikitini, huitana mbwa na punda mbele ya wakwe, na anayekasirika ndiye aliyeshindwa. Mtani akikuudhi unamdai kola, kokwa chungu za kutafuna. Kesi humpi.

Wumpini alimpa kesi.

Siku ile alitoka kwenda kusali adhuhuri, akala kidogo wakye, wali wa kunde, akarudi. Kabla hajakaa vizuri Mba Tiyumba alimwita akiwa mlangoni, simu sikioni, akimwambia asafishe ghala la mashine kwa sababu kesho wanahamishia kila kitu kwenye kompyuta mpya. Ghala ni mahali ambapo amri ya kuweka kando huweka vitu. Ukiwa na kazi mezani na mtu mwingine anataka meza, unaandika amri hiyo, kazi yako inafungwa furushi, inaingia ghalani, meza inabaki kama ilivyokuwa kwenye muhuri wa mwisho. Wumpini alifungua orodha ya ghala. Furushi lilikuwa moja tu, na lebo yake ilisema: "Kazi isiyokwisha, juu ya: Neindow, tarehe za chanjo."

Akacheka peke yake. Punda huyu kaacha takataka zake kwenye ghala la watu. Akalitupa, kwa utani, akiwaza jinsi Neindow atakavyokuja kuomba na kola mkononi. Kisha akafungua kazi yake mwenyewe, akakuta meza tupu. Picha hazina sauti. Majuma matatu hayapo.

Neindow akaingia wakati huohuo, mdomo unang'aa mafuta ya koose.

"Binamu, mbona umesimama kama mbuzi aliyesahau njia? Unatafuta nini?"

"Kazi yangu iko wapi?"

"Kola ngapi?"

"Neindow, sitanii."

"Mtani asiyetania ni nani tena? Kola ngapi, nasema."

"Umeifanya nini?"

"Nimeiweka kando. Iko ghalani, imelala, inakoroma. Sogea nikuonyeshe." Akainama, akaandika amri ya orodha. Ghala lilikuwa tupu. Akaandika tena, taratibu, herufi moja moja, kama mtu anayemwita kuku asiyetaka kuja. Tupu. Kicheko kikamtoka usoni. "Niliiweka hapa," alisema.

Na hapo ndipo Wumpini aliposema, kwa sauti iliyofika hadi kikaangoni, kwamba Neindow ni mwizi, na kwamba ameiba kazi yake akampe mtu mwingine. Lile furushi alilolitupa hakulitaja. Kwake hilo lilikuwa jambo jingine kabisa, furushi la Neindow lenye jina la Neindow, na hakutaka kuongeza ugomvi juu ya ugomvi.

Neindow alimtazama, akamtazama Mba Tiyumba, akachukua funguo zake mezani. Hakujibu tusi hata moja. Kwa mtani, huko ndiko kuondoka kwenyewe.

Siku iliyofuata Mba Tiyumba aliwakusanya waliobaki. Ni mtu mpole ambaye bado hajafika arobaini, lakini wanamwita baba kwa sababu ndiye anayelipia maji ya kunywa.

"Kila mtu ananiambia amri hii imefanya hivi, amri hii imefanya vile," alisema. "Nani amesoma ukurasa wake?"

Watu wakatazama miguu yao.

"Haya, tusome wote."

Kila amri ya chombo kile ina ukurasa wa maelezo, ulioandikwa na wasimamizi wake waliotawanyika duniani, watu ambao hakuna aliyewahi kuwaona. Mba Tiyumba aliusoma kwa sauti akiutafsiri mstari kwa mstari. Amri hii huhifadhi hali ya sasa ya eneo la kazi na ya faharasa, na kulirejesha eneo la kazi lilingane na kichwa.

"Kichwa cha nani?" aliuliza Wumpini.

"Cha mashine, nadhani."

"Mashine ina kichwa?"

"Subiri, inaelezwa chini." Akashuka chini. Chini palisema kichwa kimeelezwa kwenye ukurasa mwingine. Ukurasa mwingine ulisema kichwa ni kiashiria cha kiashiria. Mba Tiyumba alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa fugu, akaivaa tena, na maneno yalikuwa yaleyale.

"Sasa mtu akikosea hapa tumlaumu yeye?" alisema hatimaye. "Wumpini, wewe ndiye uliyepotelewa. Andika ukurasa mwingine. Wasimamizi hupokea masahihisho ya mtu yeyote. Ukiuandika vizuri, na Neindow akausoma, labda tutajua alikosea wapi."

Wumpini alikubali kwa sababu hiyo moja. Ukurasa haukumshughulisha sana. Alitaka kujua kilichotokea, ili aende Savelugu akiwa na neno la kusema, Neindow arudi, amwite mbuzi kama zamani. Majuma matatu angeweza kuyafanya upya. Mtoto wa mjomba haandikwi upya.

Akaanza kuandika, na kadiri alivyoandika ndivyo alivyochanganyikiwa. Aliandika: "Amri hii huficha kazi yako." Akafuta, kwa sababu kuficha ndiko alikofanya Neindow, na kazi haikuonekana tena. Aliandika: "Amri hii hutunza kazi yako." Akafuta, maana haikuitunza. Aliandika kwamba kinachoingia mwisho hutoka kwanza, kama bakuli zilizopangwa baada ya kuoshwa, akampa Mba Tiyumba ajaribu. Mba Tiyumba alifuata maneno yake yote kwa utiifu, akaishia mahali ambapo mashine ilimwambia ana migongano. Alimtazama Wumpini kama abiria aliyeshushwa kijiji kisicho chake.

"Nimefanya kila ulichoandika."

"Najua, Mba. Nilikuwa natazama."

"Sasa niko wapi?"

"Sijui."

Wakacheka wote wawili, lakini kicheko kilikuwa kifupi.

Nje, Mma Azara alikuwa na toleo jipya. Sasa kidude chembamba kilikuwa kimeuzwa Kumasi. Wumpini alipokwenda kununua koose, mama yule alimwongezea moja ya pole.

"Usilie mwanangu. Mali ya dhuluma haikai."

"Mma, Neindow hakuwa na kidude siku ile."

"Ulimpekua?"

"Sikumpekua."

"Basi." Akamfungia koose kwenye gazeti. "Asiyepekua hajui."

Wumpini alirudi ndani na koose zake, akakaa, akafikiri kwamba hata yeye hajapekua chochote. Alikuwa akiandika habari ya amri ile kama Mma Azara anavyosimulia habari ya Neindow, kwa mgongo. Akaamua kuacha kuandika na kutazama tu.

Akatengeneza mradi mdogo wa mchezo, faili moja tu yenye majina ya michuzi. Akaandika mchuzi wa ayoyo, akapiga muhuri: "Wumpini, mchuzi wa ayoyo." Kisha akamwita Mba Tiyumba.

"Kaa hapa. Ongeza mchuzi wowote uupendao, usipige muhuri, halafu uweke kando."

"Wowote?"

"Wowote, Mba."

Mba Tiyumba alifikiri kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akaandika karanga, akaweka kando, akainuka. Wumpini akakaa, akafungua orodha ya ghala. Furushi moja. Lebo yake: "Kazi isiyokwisha, juu ya: Wumpini, mchuzi wa ayoyo."

"Hili ni langu," alisema Wumpini.

"Langu hilo. Nimeweka karanga sasa hivi, si umeniona?"

"Lina jina langu."

"Mashine imekosea."

"Rudia."

Wakarudia. Mba Tiyumba akaweka bamia, akaweka kando. Lebo ikasema Wumpini. Wakarudia tena, safari hii Mba Tiyumba akipiga kwanza muhuri wenye jina lake, kisha Wumpini akaongeza dagaa na kuweka kando. Lebo ikasema Tiyumba.

"Kwa hiyo," alisema Mba Tiyumba polepole, "furushi la mtu lina jina la mtu mwingine."

"Furushi halijui ni la nani. Linanakili maneno ya muhuri wa mwisho. Muhuri wa mwisho ukiwa wako, kila kinachowekwa kando baada yake kitaonekana chako."

"Lakini majina kwenye mihuri tumeyaweka sisi."

"Tumeyaweka sisi."

"Kwa hiyo ni kosa letu?"

"Sijui, Mba. Ukurasa haukutuambia."

Mba Tiyumba akaendelea kusema, kuhusu sheria yake na kama aibadilishe, lakini Wumpini hakumsikia. Alikuwa akiitazama ile lebo na kuiona nyingine juu yake, ile ya siku ile. Neindow, tarehe za chanjo. Muhuri wa mwisho wa siku ile ulikuwa wa Neindow. Kazi iliyokuwa mezani ilikuwa ya Wumpini. Neindow aliiweka kando kama alivyosema, neno kwa neno, ikalala ghalani ikikoroma. Kisha akaja mtu ametoka kula wakye, akaona jina la Neindow, akacheka, akatupa.

"Mba," alisema. "Nilitupa."

"Ulitupa nini?"

"Uliniambia nisafishe ghala. Palikuwa na furushi lina jina la Neindow. Nikalitupa kwa utani."

Mba Tiyumba alitazama kiti cha Neindow, kana kwamba Neindow angekuwa amekaa pale akiwasubiri wamalize. "Lilikuwa lako," alisema.

"Lilikuwa langu."

"Ukampigia kelele yeye."

"Nikampigia kelele yeye."

Nje mafuta ya Mma Azara yalikuwa yakichemka. Kisha Mba Tiyumba akakumbuka jambo alilowahi kulisikia kwa mtu, na hakuwa na hakika nalo: kwamba furushi likitupwa huwa limetupwa jalalani tu, na jalala halichomwi siku hiyohiyo. Mashine hufagia baada ya muda wake. Ila lazima ujue namba ya furushi, na mashine huitaja mara moja tu, wakati wa kutupa. Ile kompyuta mpya ilikuwa bado haijaletwa, na ya betri huwa haizimwi. Dirisha lile jeusi la kuandikia amri lilikuwa halijafungwa tangu siku ile. Wumpini alianza kupanda nalo juu, juu ya michuzi, juu ya majaribio, juu ya amri za watu, hadi akakuta mstari uliosema limetupwa, na mbele yake mkia mrefu wa herufi na tarakimu zisizo na maana.

Akaunakili mkia ule mbele ya amri ya kurudisha. Kidole kikasita, kikabonyeza.

Akagusa picha ya kwanza kwenye skrini. Sauti yake mwenyewe ikajaza karakana, ikimwambia mfugaji asiwatoe vifaranga wa kanga asubuhi kabla umande haujakauka.

Mba Tiyumba alipiga makofi mara moja, akaona amepiga peke yake, akaacha. Wumpini aliguswa na kitu asichokijua jina. Alikuwa ameipata kazi, na kuipata huko ndiko kulikomwondolea kisingizio cha mwisho. Hadi dakika ile ungeweza kusema labda Neindow alikosea. Sasa haikuwezekana tena.

Alitoka kwenda kwa Mma Azara kabla ya kitu kingine chochote.

"Mma, kazi imepatikana. Neindow hakuiba. Ni mimi niliyeitupa kwa kutojua."

Mma Azara aliacha kijiti hewani. "Imepatikana wapi?"

"Mlemle kwenye mashine."

"Mlemle?" Akatikisa kichwa kwa huruma. "Basi ameirudisha. Kaona aibu. Nilisema mimi, mali ya dhuluma haikai."

"Mma, hakuirudisha. Haikutoka."

"Ilikuwapo haipo, sasa ipo, na haikutoka wala haikurudi. Hayo nikiwaeleza wateja watanielewa?"

Hata Wumpini jambo hilo lilimchukua muda wote huu kulielewa. Alisimama pale akitafuta maneno mepesi kuliko hayo, na alipoyakosa alinunua koose asizozihitaji.

Baada ya hapo ukurasa ulimtoka bila shida. Aliuandika akimwona Mma Azara mbele yake, na Neindow nyuma yake, na yeye mwenyewe akirudi kutoka kula. Kichwa hakukitaja. Aliandika: "Amri hii hufunga furushi kazi yote iliyoko mezani isiyo na muhuri, na kuiweka ghalani. Ghala ni la mashine, si la mtu. Wanaotumia mashine moja wana ghala moja. Maneno yaliyo juu ya furushi ni ya muhuri wa mwisho. Hayasemi kazi ni ya nani. Ukitaka furushi lijulikane, liandikie jina lake wakati wa kulifunga. Kabla hujatupa furushi lolote, hata lenye jina la mtu mwingine, lifungue utazame ndani." Akaeleza na jalala, na mkia wa herufi. Mstari wa jalala ulimpa taabu. Kila alipousoma ulionekana unasema mambo mawili.

Mba Tiyumba aliutafsiri, akautuma kwa wasimamizi. Jibu lilikuja mapema kuliko walivyotarajia, la adabu na fupi. Walisema ukurasa mpya ni mrefu kuliko wa zamani. Walisema mfano wa watu wengi kwenye mashine moja hawakuwahi kuufikiria, na wanaushukuru. Kabla hawajaupokea wangependa usomwe na mtu mmoja ambaye amri hii iliwahi kumpoteza, asiwe mwandishi, aseme wapi bado hapaeleweki.

"Mtu mmoja aliyepotezwa na amri hii," alisema Mba Tiyumba. "Asiwe wewe."

"Nimesikia, Mba."

Wumpini akauchapisha ukurasa kwenye karatasi, akafunga kola kwenye jani, akaenda Savelugu.

Neindow alikuwa nyuma ya nyumba ya baba yake, amechuchumaa kati ya vifaranga wa kanga, anawamwagia maji kwenye kifuniko cha sufuria. Wumpini alikwisha kuwasalimia wazee uani, na mjomba wake alipokea salamu zote akamuuliza mama yake hajambo, habari ya karakana hakuigusa. Sasa akachuchumaa naye, mbali kidogo, akaanza salamu. Za asubuhi. Za nyumbani. Za kazi. Za joto hili.

"Naa," Neindow aliitikia kila moja. "Naa." Salamu haikataliwi na mtu yeyote, hata adui.

"Punda wee," alisema Wumpini, "umekuja kujificha kwa ndege? Hata wao wanakushangaa."

"Karibu, dada," alisema Neindow. "Nikuletee maji?"

Wumpini alihisi neno lile likimpiga mahali. Neindow hajawahi kumwita dada tangu wazaliwe. Tusi lolote lingekuwa jepesi.

"Sikuja kunywa maji. Nimekuja kukwambia kwamba furushi lilikuwa ghalani. Uliliweka kama ulivyosema. Lilikuwa na jina lako kwa sababu ya muhuri wako, nikadhani ni takataka zako, nikalitupa. Nikakuita mwizi. Nimewaambia wote karakanani. Nimemwambia Mma Azara, naye hajaelewa, lakini nitamwambia tena."

Neindow alisikiliza hadi mwisho. Kifaranga kimoja kilipanda juu ya kandambili yake, akakiondoa kwa vidole viwili. "Nashukuru kwa kunieleza, dada," alisema.

Wumpini alimwekea kola kwenye jiwe kati yao. Kisha akamnyooshea karatasi. Neindow aliipokea kwa mikono miwili, kama mtu anavyopokea kitu cha mgeni, akaisoma. Alisoma polepole. Macho yake yalishuka, yakafika chini, yakapanda tena kidogo, yakasimama mahali. Wumpini alitazama yaliposimama. Palikuwa kwenye mstari wa jalala.

"Hapo," alisema, akijaribu kuifanya sauti iwe ya zamani. "Hapo hata mimi bado napotea. Wanataka mtu aliyepotezwa na amri aseme ni wapi pagumu, na katika ukoo wetu mjinga mwingine ninayemjua ni wewe tu. Twende karakanani ukajaribu kwenye mashine. Au usije, niambie hapahapa. Au nitukane tu, Neindow. Moja tu."

Neindow aliikunja karatasi kwenye mkunjo wake, akaishika. Akainua kifuniko cha sufuria, akakuta maji yamechafuka, akayamwaga, akanyanyuka kwenda mtungini kuchota mengine; kola ikabaki juu ya jiwe, karatasi akaenda nayo.